Maswali ya Wasomaji: Ada ya Mkaazi wa Jimbo Katika Vyuo vya Marekani

Vyuo vikuu vya umma Marekani vinaendeshwa na majimbo. Kodi ya wakaazi wa jimbo ndiyo inayopunguza ada ya watoto wao. Anayetoka nje ya jimbo, hata akiwa raia wa Marekani, hulipa bei kamili. Katika Chuo Kikuu cha California, mwanafunzi mpya wa shahada ya kwanza asiye mkaazi aliongezewa zaidi ya dola 37,000 juu ya ada ya kawaida kwa mwaka wa masomo 2025–26. Vyuo binafsi havina mgawanyo huo, kwa hiyo anayesaka ukaazi wa Massachusetts kwa ajili ya Harvard anajisumbua bure. Tumechagua barua sita.

Swali: Nimeshinda visa ya bahati nasibu, DV. Mimi na mke wangu tunapanga kuondoka kati ya Mei na Septemba. Shemeji yangu yuko Fort Worth, Texas, na rafiki yangu yuko Los Angeles. Nina miaka 24. Nataka kuanza chuo mara nikifika. Nikiwa na grinikadi, si nitalipa kama mwenyeji? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Mwaka wa kwanza, hapana. Grinikadi, yaani kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu, inakuruhusu kuanza kuhesabiwa, basi. Majimbo mengi hudai uwe umeishi humo miezi 12 kamili kabla ya muhula. Machache hudai pungufu: Arkansas ni miezi 6, na Massachusetts ni miezi 6 kwa koleji za jamii, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili.

Wengi hukosea siku ya kuhesabia. Texas huhesabu kurudi nyuma kutoka siku rasmi ya kuhesabu wanafunzi, ambayo kwa mihula mirefu ni siku ya 12 ya masomo. Kwa muhula unaoanza Agosti huangukia mwanzoni mwa Septemba. California huhesabu hadi siku moja kabla ya muhula kufunguliwa, nayo inataka zaidi ya mwaka. Sasa chukua kalenda. Ukitua Fort Worth mwezi Mei, muhula wa Agosti wa mwaka unaofuata utakukuta umetimiza. Ukitua katikati ya Septemba, muhula huo utakukuta umepungukiwa wiki mbili tu, na kwa wiki hizo mbili utasubiri hadi Januari. Visa ya DV ikishabandikwa kwenye pasipoti kwa kawaida haizidi miezi 6, kwa hiyo kama unachagua tarehe ya kuondoka, wahi.

Kuishi peke yake hakutoshi. Texas inataka, pamoja na miezi hiyo 12, jambo moja linaloonyesha kwamba umehamia kweli: kazi ya kujikimu, nyumba uliyonunua, biashara unayoiendesha mwenyewe, au ndoa na mtu aliyekwisha kujenga makazi yake humo. Kazi anazopewa mtu kwa sababu ni mwanafunzi, kama zile za maktaba ya chuo, hazihesabiwi. Ndiyo maana tunakushauri mwaka wa kwanza ufanye kazi. Ukiingia masomoni kwa muda wote wiki ya pili baada ya kutua, majimbo mengi yatachukulia kwamba ulikuja kusoma, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo utakuwa wako. Somo moja au mawili ya jioni, au Kiingereza, hayana shida. California ukisoma kabla ya wakati utaona bei yake: krediti moja (kipimo cha uzito wa somo) ya koleji ya jamii ni dola 46 kwa mkaazi, na kwa asiye mkaazi mara nyingi inapita dola 300.

Karatasi zianze mapema, kwa sababu chuo kinaangalia tarehe zake kuliko wingi wake. Ukikaa kwa shemeji bila mkataba, fungua akaunti ya benki na umpe mwajiri anwani hiyohiyo, ili barua na slipu za mshahara zikufuate pale; shemeji naye aandike tamko kwamba unaishi kwake tangu tarehe fulani. Texas inampa mhamiaji mpya siku 90 za kuchukua leseni ya udereva ya jimbo, California siku 10. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo utaleta W-2 (karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka) na ritani ya kodi ya serikali kuu yenye anwani ya Fort Worth. California inayo, mwaka wa kwanza jaza ritani kama mkaazi wa sehemu ya mwaka. Ukijiandika humo kuwa si mkaazi ili kupunguza kodi, chuo kitakuonyesha karatasi yako mwenyewe.

Kuna mtego mmoja tunaomba usomwe mara mbili. Orodha za vyuo hutaja uandikishaji wa mpiga kura kama ushahidi wa ukaazi. Wewe si raia, usijiandikishe. Hatari iko kwenye kaunta ya leseni: karani anauliza harakaharaka kama unataka kujiandikisha kupiga kura, mgeni aliyechoka anajibu ndiyo, anasaini. Kwenye fomu hiyo unatangaza kwamba wewe ni raia, na tamko hilo linaweza kukufukuzisha nchini au kukunyima uraia miaka mingi baadaye. Chuo kinajua kwamba mwenye grinikadi hapigi kura. Leseni na ritani ya kodi zinatosha kujaza nafasi hiyo. Unachotakiwa kujiandikisha ni Selective Service, daftari la wanaume wa miaka 18 hadi 25 wanaoweza kuitwa jeshini, ndani ya siku 30 za kufika, na baadhi ya majimbo hulidai kabla ya kutoa misaada yao ya masomo.

Misaada ya serikali kuu haingoji mwaka. Mwenye grinikadi anaweza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba misaada hiyo, na kuomba ruzuku ya Pell, msaada usiorudishwa kwa wenye kipato kidogo, hata kama jimbo bado halijamtambua.

Swali: Mwanangu alizaliwa Columbus, Ohio, tulipokuwa masomoni, kwa hiyo ni raia wa Marekani. Sasa tuko naye Nakuru, ana miaka 15. Mjomba wake yuko Columbus, shangazi yake yuko Houston. Tukimpeleka amalizie sekondari huko, atalipa ada ya mkaazi? Karo na matumizi tutakuwa tukituma sisi. (Mama K., Nakuru)

Jibu: Mama K., uraia ni wa nchi, ukaazi ni wa jimbo, na cha kwanza hakileti cha pili. Kijana anayetegemea wazazi huhesabiwa kuwa anaishi walipo wazazi. Kwa macho ya chuo, mwanao ni mkaazi wa Nakuru anayelala Columbus.

Ohio ina sharti jingine linalowagusa ninyi hasa: anayedai ukaazi wa miezi 12 asiwe amepokea, katika miezi hiyo, msaada wa fedha kutoka kwa watu wasio wakaazi wa Ohio. Pesa mtakazotuma kila mwezi ndizo zitakazomwangusha. Mjomba kusema "huyu ni mwanangu" hakusaidii. Kiafrika ni kweli, lakini msajili wa chuo atauliza amri ya mahakama inayompa ulezi wa kisheria. Na amri iliyopatikana mwaka wa mwisho wa sekondari, huku wazazi wako hai na ndio wanaolipa, hutiliwa shaka mara moja.

Houston kuna njia isiyouliza wazazi wako wapi. Texas humtambua kama mkaazi mtu aliyehitimu sekondari humo, akiwa ameishi ndani ya jimbo miezi 36 mfululizo kabla ya kuhitimu na miezi 12 kabla ya siku ya kuhesabu wanafunzi. Sherehe za kuhitimu huwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Kijana anayefika Agosti kuanza darasa la 10 (sekondari ya huko huishia la 12) na kuhitimu Mei ya mwaka wa tatu ameishi miezi 33 hivi, basi amekosa. Afike kabla ya mwisho wa Mei, likizo ndefu ya huko imkute Houston. Amri ya mahakama ya Juni 2025 iliwaondolea njia hii wanafunzi wasio na kibali halali cha kuwa nchini. Raia kama mwanao haguswi.

Shangazi atahitaji hati ya idhini yenu, iliyosainiwa mbele ya mthibitishaji rasmi, ili wilaya ya shule impokee mtoto asiyeishi na wazazi. Fanyeni hilo kabla ya tiketi. Kisha atunze ripoti za shule za kila mwaka, rekodi za kliniki na barua zenye jina la kijana. Krismasi ya wiki mbili Nakuru haina neno. Muhula mzima Nakuru unakata mfululizo wa miezi.

California nayo ina sheria ya 2001, AB 540, inayomwondolea nyongeza ya ada aliyesoma sekondari humo miaka 3 na kuhitimu. Kama kuna ndugu upande huo, linganisheni.

Swali: Tulitoka kambi ya Nyarugusu tukapokelewa Louisville, Kentucky, kama wakimbizi. Mwezi wa pili mwaka huu tulihamia Dayton, Ohio, kwa ajili ya kazi ya kiwanda. Binti yetu alibaki kwa watu wa kanisa amalize sekondari kule Kentucky. Sasa amepokelewa chuo kikuu cha umma hapa Ohio, lakini wameandika si mkaazi. Tungoje mwaka? (Baba Furaha, Dayton)

Jibu: Msingoje, Baba Furaha. Mfumo wa chuo uliona cheti cha Kentucky ukajijibu wenyewe. Kanuni ya Ohio ina mlango ambao familia nyingi hazijaambiwa: mtoto anayemtegemea mzazi ambaye, kufikia siku ya kwanza ya muhula, amekubali kazi ya kudumu ya muda wote inayotosha kujikimu, na amefanya Ohio makazi yake kwa sababu nyingine isiyo ada nafuu, ni mkaazi papo hapo. Miezi 12 haiulizwi. Mke au mume wa mfanyakazi huyo pia anaingia.

Kazi sasa ni karatasi. Mwombe ofisa rasilimali watu wa kiwanda aandike barua kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, akitaja jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe ya kuanza, kwamba ni kazi ya muda wote, na mahali ilipo ndani ya Ohio. Ambatanisha mkataba wa nyumba wenye jina lako, au tamko la mwenye nyumba lililothibitishwa, na kitu kinachoonyesha kwamba binti anakutegemea: ritani ya kodi ya mwaka jana uliyomworodhesha. Ongeza I-94 (rekodi ya kuingia nchini) au grinikadi ya kila mmoja wenu. Peleka kwa ofisi ya msajili kabla ya muhula kuanza, ukiomba akaguliwe upya kwa kifungu cha kazi ya mzazi. Ukisema tu "tumehamia", karani atahesabu miezi.

Inakoharibika ni hapa. Wengi wetu huingia kiwandani kupitia wakala wa vibarua, na barua inatoka kwa wakala ikisema saa hazina uhakika. Hiyo si kazi ya muda wote. Kama ndivyo, subiri uajiriwe na kiwanda chenyewe, au tumia kazi ya mama kama yeye ameajiriwa moja kwa moja. Wengine wanaishi kwenye nyumba iliyopangwa kwa jina la ndugu. Wengine binti amejaza kwamba anajitegemea, akidhani itamletea msaada mkubwa zaidi, na hapo anaukata uzi unaomfunga na kazi ya baba.

Kwa wakimbizi walio kwingine: California haiwatozi wakimbizi waliofikia humo moja kwa moja nyongeza ya ada ya koleji za jamii katika kipindi cha kusubiri ukaazi. Kabla ya kuhama kufuata mshahara wa juu kidogo, familia yenye mtoto wa darasa la 12 iulize kwanza kanuni ya jimbo inakokwenda, kwa sababu sehemu nyingi hesabu huanza upya.

Swali: Niko Arizona kwa visa ya mwanafunzi, F-1, mwaka wa tatu sasa. Nina leseni ya hapa na napanga nyumba. Naweza kuomba ukaazi? (Mwanafunzi, Tempe)

Jibu: Hapana. Uliipata F-1 kwa kusema kwamba makazi yako yako nje ya Marekani na utarudi. Huwezi papo hapo kudai kwamba makazi yako ya kudumu ni Arizona. J-1, visa ya programu za mabadilishano, kwa kawaida ni vivyo hivyo. Wenye visa za kazi za H-1B (wataalamu) na L-1 (waliohamishwa na kampuni yao), pamoja na wategemezi wao wa H-4 na L-2, wako tofauti, na majimbo mengi huwakubali. Ila mtoto wa H-4 akitimiza miaka 21 hutoka kwenye visa hiyo, na akigeukia F-1 anaweza kupoteza ada ya mkaazi katikati ya digrii.

Nguvu zako zielekeze kwenye msamaha wa ada. Texas, kwa mfano, mwanafunzi wa nje akishinda ufadhili wa ushindani wa chuo cha umma wa angalau dola 1,000 kwa mwaka anaweza kutozwa ada ya mkaazi, nao uko wazi hata kwa wageni wa nje ya nchi. Kwa shahada ya uzamili, nafasi ya usaidizi wa kufundisha au utafiti mara nyingi hufuta nyongeza yote. Ulizia kabla ya kukubali nafasi ya chuo, maana baada ya hapo huna cha kujadiliana nacho.

Swali: Mume wangu, Mtanzania, anafanya kazi Benki ya Dunia. Sote tuna visa ya G-4, ya wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa na familia zao, tunaishi Silver Spring, Maryland, mwaka wa sita. Rafiki amesema visa zetu haziruhusu ada ya mkaazi. (Mama wa watatu)

Jibu: Rafiki yako anazungumzia Maryland ya zamani. Chuo Kikuu cha Maryland kiliwahi kuwanyima wenye G-4, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1982, katika Toll v. Moreno, mahakama ikasema jimbo haliwezi kuwafungia, kwa kuwa sheria ya nchi inawaruhusu kujenga makazi ya kudumu.

Mtakaguliwa kama familia nyingine: nyumba ya Maryland kwa miezi 12 mfululizo, mali zenu zilipo, magari yaliyosajiliwa na leseni za Maryland, na kodi ya mapato. Hapo kwenye kodi ndipo fomu hukwama, kwa sababu mshahara wa benki kwa asiye raia hautozwi kodi ya mapato. Msiache nafasi wazi. Ombeni barua ya mwajiri inayoeleza msamaha huo; na kama mama una kibali cha kazi na unaajiriwa nje, ritani yako ya Maryland iwepo. Gari lenye namba za kidiplomasia nalo lielezwe kwa sentensi moja. Kijana wenu ajaze kwamba anawategemea ninyi.

Swali: Nina grinikadi na nimeishi Charlotte, North Carolina, miezi 15. Nimejaza maombi ya ukaazi nikakataliwa. Mkataba wa nyumba uko kwa jina la mume wangu, aliyetangulia hapa miaka 4. Leseni niliichukua mwezi wa nane baada ya kufika. (Dada wa Tanga)

Jibu: North Carolina haiachii kila chuo kuamua, kuna ofisi moja ya jimbo, RDS, inayotoa namba moja utakayoitumia kwa vyuo vyote vya umma. Mfumo wake hulinganisha majibu yako na kumbukumbu za leseni na kodi za jimbo. Kwako mfumo uliona alama moja tu ya tarehe, ya leseni, na tangu leseni hiyo ni miezi 7. Sheria inatoa siku 60 za kuichukua.

Tazama kwanza kama umekataliwa kwa kosa la kujaza au kwa uamuzi. Kama ulikosea tarehe au hali imebadilika, omba kufikiriwa upya. Kama ulijaza sawasawa nao wamepima vibaya, hiyo ni rufaa, yenye siku chache za kufunguliwa tangu barua, nayo hutaka hati. Kwako tunaona kosa la kujaza: umejipigania peke yako wakati sheria ya jimbo inamruhusu mwanandoa kutumia muda wa ukaazi wa mwenzake. Rudi uweke cheti cha ndoa chenye tafsiri ya Kiingereza, leseni ya mumeo, ritani zake za North Carolina na mkataba wa nyumba. Hapo leseni yako ya kuchelewa inakuwa jambo dogo, ingawa eleza kwa nini ilichelewa.

Angalia pia majina. Pasipoti zetu zina majina matatu, na mara nyingi ofisi ya leseni imeandika mawili, au imefanya la babu kuwa la ukoo. Mfumo ukishindwa kuoanisha, husoma kama huna leseni kabisa. Sahihisha kwanza kwenye ofisi ya leseni, kisha kwenye maombi.

Wakati unasubiri majibu, kiulize chuo kama kinaweza kuahirisha malipo ya tofauti ya ada. Uamuzi mpya kwa kawaida huanzia muhula unaofuata maombi. Nyongeza uliyolipa mihula iliyopita hairudishwi. Majimbo hayaruhusiwi kukufungia milele: mwaka 1973 Mahakama ya Juu iliifuta kanuni ya Connecticut iliyomhesabu aliyeomba chuo akiwa nje ya jimbo kuwa mgeni hadi anahitimu. Kwa hiyo hata ukikosa sasa, andika tarehe ya leseni hiyo, hesabu miezi 12 kutoka hapo, na uwasilishe tena kabla ya muhula wa kwanza utakaofuata.